Boma Linaishia Wapi

Fundi aliweka timazi chini siku ya Jumatatu, katikati ya Novemba 2021, akasema kazi yake imekwisha. Kuta za madarasa mawili zilikuwa zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na zege la lenta lenyewe lilikuwa bado limefungwa mbao. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi, na katika daftari langu nilikuwa nimeandika asubuhi ileile kwamba boma bado. Tulisimama tukiangalia ukuta mmoja, wote wawili watu wa Kusini, na kila mtu akaona lake.

"Mwalimu, boma ni mpaka lenta," alisema. "Hilo halina ubishi."

"Na kozi za tofali juu ya lenta? Na zile pembetatu mbili za kupokea paa?"

"Hizo zinakwenda na kupaua. Na kupaua mimi na ninyi hatujapatana."

Nafundisha Kiswahili. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja darasani, nimesahihisha insha nisizoweza kuzihesabu, na sikuwahi kufikiri kwamba neno la herufi nne lingesimamisha kazi ya shilingi milioni 40.

Shule yetu ni ya sekondari ya kata, juu ya uwanda wa Makonde, kati ya Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara. Oktoba ya mwaka ule Serikali ilizindua mpango wa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zile fedha ambazo wengi walizizoea kwa jina la fedha za UVIKO. Jumla yake ilikuwa shilingi trilioni 1.3, na kila darasa lilipangiwa milioni 20. Sisi tulipata madarasa mawili. Sharti lilikuwa kwamba Kidato cha Kwanza cha Januari 2022 waingie humo.

Fedha hazikuja na mkandarasi. Zilikuja kwenye akaunti ya shule, na sisi ndio tukawa wajenzi. Utaratibu huo wa kutumia mafundi wa kijijini chini ya usimamizi wa kamati, ambao watu wote wanauita "fosi akaunti", wakati ule uliruhusiwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na kanuni zake za 2013. Kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi. Wazazi, walimu, mzee wa kijiji aliyekuwa bwana shamba zamani. Mimi niliwekwa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Hakuna katika sisi aliyewahi kujenga zaidi ya nyumba yake mwenyewe.

Makandarasi waliosajiliwa wamelalamikia utaratibu huu kwa miaka, na nawaelewa. Mtu amejisajili kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997, analipa ada ya kila mwaka, ana mhandisi, ana bima, halafu anaona kazi za shule na zahanati zinakwenda kwa fundi asiye na hata muhuri. Lakini mkandarasi wa mjini angekuja kwetu kwa milioni 20 kwa darasa, apandishe mitambo na watu wake mpaka huku juu, halafu abaki na faida? Sioni namna. Fundi wetu analala kijijini. Ukuta wake ukipasuka, anapita mbele yake kila siku akienda shambani. Hilo ni dhamana ya aina yake, ingawa haliandikwi popote.

Narudi kwenye boma.

Mkataba wetu ulikuwa ukurasa mmoja. Ulisema: "Fundi atajenga msingi, jamvi na boma la madarasa mawili," jamvi likiwa zege la sakafu, kisha kiasi cha fedha, kisha sahihi tano na muhuri wa shule. Aliyeuandika alikuwa ametoa kazi hizo kwenye mchanganuo wa gharama uliokuja pamoja na michoro. Mchanganuo ule ulikuwa wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kurasa nyingi za safu na tarakimu, na hakuna mjumbe wa kamati aliyeusoma. Fundi ndiye kabisa hakuonyeshwa. Alionyeshwa mchoro, na mchoro aliusoma vizuri kuliko sisi sote, lakini mchoro hausemi ni kazi ipi inalipwa na fungu lipi.

Mhandisi alikuja siku ya tatu, kazi ikiwa imelala. Alitandaza karatasi juu ya boneti ya gari, akaziwekea mawe pembeni zisipeperuke, akaweka kidole kwenye neno moja. Neno lile kwa Kiingereza chao linajumlisha kila kitu kilicho juu ya msingi: kuta, nguzo, lenta, kozi za juu, mpaka pale paa linapokalia. Mwandishi wa mkataba wetu alitafuta neno la Kiswahili, akaona "boma", akaandika. Kwa mtu wa ofisini neno lilitosha. Kwa fundi, boma ni kuta zilizofungwa lenta. Kwa mzazi mmoja wa kamati yetu, ambaye ana nyumba iliyosimama bila paa kwa misimu mitatu ya korosho, boma ni chochote ambacho bado hakijaezekwa. Wote watatu wanasema Kiswahili sahihi, na mimi mwalimu wao siwezi kumwekea hata mmoja alama ya kosa.

Jambo lililonikaa rohoni ni kwamba mwaka uleule, 2021, Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya sheria kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Nilishangilia siku ile. Niliwaeleza wanafunzi wa Kidato cha Nne kwamba sasa mshtakiwa atasikia hukumu yake kwa lugha anayoijua. Miezi michache baadaye nikawa nimesimama kwenye mchanga mwekundu, na karatasi iliyoamua jasho la fundi wangu ilikuwa kwa lugha asiyoijua. Tungefikishana mahakamani tungesikilizwa kwa Kiswahili, tukibishania Kiingereza.

Tulipatana vipi? Mhandisi alipima. Alisema fungu la fedha kwa kozi za juu lipo ndani ya mchanganuo, kwa hiyo kamati haikuwa na sababu ya kukataa kulipa. Na fundi alipiga bei yake akifikiria mpaka lenta, kwa hiyo hakuwa mwizi. Tukahesabu tofali zilizobaki kupandishwa, zikawa 340, tukapatana shilingi 400 kwa kila tofali, jumla 136,000, nikaandika muhtasari hapohapo na kila mtu akatia sahihi. Siku tatu zilipotea kwa ajili ya shilingi 136,000. Na Novemba kwetu siku tatu si kitu cha kuchezea.

Nieleze kwa nini. Novemba korosho zinaanguka. Minada ya vyama vya ushirika inakuwa imeanza, kila kaya iko chini ya mikorosho alfajiri kuokota kabla jua halijawa kali, na kibarua anayebeba zege leo anaweza kesho kuwa shambani kwake akiokota fedha ya mwaka mzima. Huwezi kumlaumu. Fundi wetu mwenyewe ana mikorosho. Siku zile tatu alizoweka timazi chini alikwenda kuokota, na mwenyekiti wa kamati aliponiambia, "Mwalimu, yule hatarudi," sikumbishia. Alirudi kwa sababu ya ule muhtasari. Aliniomba nakala yake, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kofia.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja ambao nimeusema kwenye kila kikao nilichopewa nafasi: kamati ya kijiji isipewe fedha kabla haijapewa mchanganuo kwa Kiswahili, na fundi aketi na kamati siku ya kuusoma. Ukurasa kwa ukurasa. Jamvi linakwenda mpaka barazani au linaishia mlangoni? Plasta ni ndani tu au na nje? Kupaka rangi ni mikono mingapi? Nani ananunua misumari? Nani anafukia shimo la udongo lililochimbwa? Kila swali katika haya nimeliona likigombanisha watu wema.

Kuna mengine mkataba wetu haukuyagusa kabisa. Kijana mmoja wa fundi alikanyaga msumari wa mbao za lenta ukapita kandambili ukaingia unyayoni. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, akadungwa sindano, mwalimu mkuu akalipa kutoka mfukoni. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na mfuko wake ambao mwajiri anauchangia. Lakini mwajiri wa kijana yule alikuwa nani? Fundi, ambaye naye analipwa kwa kazi? Shule? Kijana alipona ndani ya wiki mbili, na swali likabaki halijaulizwa.

Lililotusumbua zaidi ya boma lilikuwa maji.

Msomaji wa Lindi mjini au wa Mtwara mjini pengine atashangaa. Saruji haikutupa shida kubwa. Kiwanda cha Dangote kipo hukuhuku mkoani Mtwara tangu 2015. Nondo na bati zilikuwa zikipanda bei mwaka ule, lakini zilipatikana. Mchanga wa mtoni ulipanda kwa lori kutoka bondeni. Maji ndiyo hayakuwa kwenye hesabu ya mtu. Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu kwenda chini sana. Mvua ikinyesha inazama, mito haipo juu huku, na mabomba yanasukuma maji kutoka mabondeni yakifika kwa zamu. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye bati zina kisima uani, kimechimbwa ardhini, kikasakafiwa kwa saruji, na mfereji wa bati unashusha humo mvua ya masika. Maji hayo yanatunzwa kama akiba ya ndani. Kufika Novemba, visima viko chini.

Tofali zetu zilifyatuliwa hapohapo shuleni. Kundi la kwanza lilikuwa 600. Zilipangwa kivulini mwa mwembe, safi, pembe kali, nikapiga picha. Baada ya siku nane fundi alinyanyua moja mpaka kifuani, akaiachia. Ilipofika chini haikupasuka vipande viwili au vitatu kama tofali linavyopasuka. Ilimwagika. Alichota kile kilichobaki, akakisugua kwa vidole viwili, kikawa unga wa kijivu mkononi mwake.

"Hizi hazikunywa maji," alisema.

Nilikuwa nikiamini, kama watu wengi, kwamba tofali linahitaji kukauka ili ligande. Fundi alinifundisha kinyume chake, na baadaye mhandisi alinithibitishia: saruji inakomaa kwa kula maji. Unga wake na maji vinaungana na kuwa kama jiwe, na kazi hiyo inaendelea siku nyingi baada ya tofali kutoka kwenye kalibu. Ukiliacha likauke upesi kwa jua na upepo, kazi inakatika katikati, na mchanga unabaki umeshikwa na nusu ya nguvu. Ndiyo maana tofali hunyweshwa asubuhi na jioni, angalau siku saba. Zetu zilinyweshwa siku ya kwanza tu. Sisi tulidhani kunywesha ni sehemu ya ufundi. Fundi alidhani maji, kama saruji na mchanga, ni ya mwenye nyumba kuleta. Mkataba ulisema "kufyatua tofali". Ulikuwa mgogoro uleule wa boma, ila huu ulikuja mapema na tukauchukulia kuwa bahati mbaya.

Tofali 600 zilivunjwa, zikawekwa chini ya njia ya kwenda vyooni. Saruji yake, kwa mfuko mmoja kutoa tofali 30, ni mifuko 20. Nilirudi nyumbani siku ile sikula.

Boza la maji liliomba bei ambayo tusingeimudu. Aliyetuokoa ni bibi mmoja anayekaa nyuma ya uzio wa shule. Kisima chake ni kikubwa kwa sababu mwanawe alikichimba akiwa na nia ya kufuga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwenyekiti na mimi tulimwendea jioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kwa ajili ya maji."

Alikuwa ameshasikia. Alisema atatuuzia kwa shilingi 500 dumu la lita 20, tulipe mwishoni fedha zikitoka, kwa sharti kwamba kamba na ndoo ni zake na anayechota ni yule atakayemruhusu yeye. Hakutaka karatasi. Alichukua kipande cha mkaa jikoni, akachora mstari wa kwanza kwenye ukuta wake uliopakwa chokaa, chini ya upenu, ili tuone jinsi atakavyohesabu: mistari minne imesimama, wa tano unakata.

Kwa wiki nne vijana wa fundi walisukuma toroli kati ya kisima kile na mwembe wa shule. Mimi niliandika katika daftari. Yeye alichora ukutani. Tofali za kundi la pili fundi aliziachia kutoka kifuani mbele ya kamati nzima, zikatua zikiwa nzima, moja ikakatika pembe kidogo. Mwenyekiti alipiga makofi.

Kisha ukaja wakati wa kulipa.

Malipo ya fedha za umma yanataka risiti ya mashine, na bibi hana mashine wala hana namba ya mlipakodi. Mhasibu alisema waziwazi kwamba fedha zikitoka bila kiambatisho, mkaguzi ataandika hoja, na hoja ile itakuwa na jina la shule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema sheria inavyosema. Lakini duka la vifaa lililotuuzia misumari ya shilingi elfu kadhaa lilikuwa na risiti ndefu kama mkono, na mwanamke aliyetuuzia maji yaliyoyafanya madarasa yale yasimame hakuwa na kitu cha kututolea. Tulikaa vikao viwili. Tukaamua iandaliwe hati ya malipo, muhtasari wa kamati, barua ya mtendaji wa kijiji inayomtambua, na dole gumba lake.

Siku ya kuandaa hati nilisoma kutoka daftarini: madumu 397, shilingi 198,500.

"Madumu 412," alisema bibi.

Niliinua daftari nimwonyeshe. Hakuliangalia. Alinishika mkono akanipeleka chini ya upenu, akaanza kuhesabu mafungu kwa kidole, kwa sauti, bila haraka, na mimi nyuma yake na mwenyekiti nyuma yangu. Mafungu 82 na mistari miwili. Karibu na kona ya mlango kulikuwa na mafungu matatu yaliyozungushiwa duara.

"Haya ni ya Jumapili," alisema. "Wewe ulikuwa umekwenda Newala kwenye msiba. Vijana walikuja wenyewe, nikawaruhusu, maana tofali hazijui Jumapili."

Nilikuwa kweli nimekwenda msibani. Nilifungua ukurasa wa tarehe ile, ulikuwa mtupu. Mwenyekiti alimpigia fundi simu, fundi akamwuliza kijana wake, jibu likaja: madumu 15. Nikafuta 397 kwenye hati, nikaandika 412, shilingi 206,000, na sote tukatia sahihi pembeni ya masahihisho.

Mwaka jana tulijenga tena, vyoo na chumba kimoja cha maabara. Sheria ya ununuzi sasa ni mpya, Na. 10 ya 2023, na shughuli nyingi zimehamia kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, ambamo fundi wetu alijisajili kwa msaada wa kijana wa stesheneri mjini. Mkataba ulituchukua jioni mbili. Nilichora ukuta ubaoni kwa chaki, fundi akaja na chaki ya rangi nyingine akaweka alama pale kila kazi inapoishia, na tulipofika chini ya ukurasa, kabla sijamkabidhi kalamu, yeye ndiye aliyeuliza, "Na maji?"

Bibi alilipwa wiki ya Krismasi ya 2021. Mvua ilikuwa imeshaanza, bati lilikuwa linapiga kelele na kisima kinapokea. Alihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akalowesha kitambaa akakiendea ukuta. Nikamwomba asubiri. Nilitoa simu nikapiga picha nne, mafungu yote, pamoja na yale ya duara, na picha hizo ndizo zilizobanwa nyuma ya hati ya malipo. Nilipomaliza nilimwambia, "Tayari, bibi," naye akaanza kufuta kuanzia kona ya mlango.